Mistari Arobaini na Mmoja

Arobaini na mmoja.

Mkutubi alihesabu tena, safari hii akigusa kila mstari kwa ncha ya kalamu, na jibu likawa lile lile. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa. Miwani haikuwa na kosa lolote.

Maktaba ya shule ilikuwa tupu mchana ule wa Ijumaa. Wanafunzi walikwisha kwenda zao, viti vilipandishwa juu ya meza ili mfagiaji apite, na kwenye meza ya kuazimia vitabu palitandazwa karatasi kubwa nyeupe, rula, na kalamu za rangi nne. Huo ndio uliokuwa utafiti wake wa kumalizia stashahada ya ualimu. Kichwa chake alikiandika wiki mbili nyuma, akiwa bado na amani moyoni: Tofauti kati ya mjadala wa darasani na mjadala wa mtandaoni kwa wanafunzi wenye ajira.

Darasa lenyewe lilikuwa la watu kumi na saba, wote watu wazima wenye kazi zao, wanaojifunza namna ya kufundisha kile wanachokijua. Kila Jumamosi mchana walikutana na kujadili mada ya wiki ana kwa ana. Kila Jumatano waliijadili mada hiyo hiyo kwenye jukwaa la chuo, kila mtu akiandika kwa wakati wake, kwa simu au kompyuta yake. Mwalimu wa utafiti alimwelekeza Mkutubi achore duara kwa kila mtu, na kila mtu anapomjibu mwenzake, avute mstari kutoka duara moja kwenda jingine. “Utaona nani anazungumza na nani,” alimwambia. “Ila wewe jiweke nje. Mtafiti hajihesabu.”

Matokeo yalikuwa ya kupendeza, kwa mtu mwingine. Darasani watu wanne walikula zaidi ya nusu ya muda wote, na mmoja wao, tuseme ukweli, alikuwa Mkutubi mwenyewe. Mtandaoni mambo yaligeuka. Waliokuwa wakikaa na midomo imefungwa walifunguka, wakauliza, wakatania, wakabishana. Na hakuna aliyefunguka kama mchumba wake.

Mchumba wake alikuwa seremala. Darasani walimwita Fundi, na Mkutubi walimwita Redio, wala hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Katika Jumamosi sita Fundi alizungumza mara nne. Kwenye jukwaa aliandika kuliko wote kumi na saba. Na kati ya yote aliyoandika, majibu arobaini na moja yalikwenda kwa mtu mmoja. Mistari arobaini na mmoja, kwa wino wa kijani, kutoka duara la Fundi moja kwa moja hadi duara la Nesi.

Ile iliyotoka kwa Fundi kuja kwake mwenyewe Mkutubi aliihesabu kwa penseli, kwa kificho. Ilikuwa mitatu. Mmoja ulikuwa neno “Asante.”

Laiti angeishia kwenye kuhesabu. Lakini mwenye wivu haridhiki na idadi, anataka na maneno. Alichukua kurasa alizozichapa kutoka jukwaani, akaanza kusoma kwa utulivu yale aliyokuwa amepitia haraka haraka. Nesi, aliyefanya kazi wodi ya watoto, alikuwa ameandika kwamba anaogopa kumwachia mwanagenzi sindano. Fundi akamjibu:

“Mimi pia niliogopa kumwachia mwanafunzi wangu wa kwanza msumeno. Nilimshika mkono wiki nzima, na wiki nzima alikata vibaya. Siku moja nikashikwa na mafua, nikakaa pembeni napiga chafya. Nilipogeuka nikakuta amekata ubao umenyooka kuliko wangu. Kumbe mkono wangu ndio uliokuwa ukimtetemesha. Nesi, jaribu kupiga chafya.”

Na Nesi chini yake: “Umenichekesha mbele ya wagonjwa. Nimepiga chafya. Amefaulu.”

Miezi minane Mkutubi alikuwa amechumbiwa na mtu huyu. Miezi minane ya “ndiyo,” na “sawa,” na “umekula?” Alikwisha kujiambia kwamba ndivyo alivyoumbwa, kwamba ana moyo wa dhahabu na ulimi wa mbao, na akamtetea hivyo kwa ndugu na marafiki. Kumbe maneno anayo. Tena matamu, tena ya kuchekesha. Ila yana mwenyewe.

Aliikunja karatasi yake kubwa na rula ndani yake, akaifunga kwa mpira, akafunga maktaba nusu saa kabla ya muda. Katika miaka sita ya kazi hakuwahi kufanya hivyo.

Karakana ya Fundi ilikuwa mtaa wa pili, nyuma ya duka la rangi. Alimkuta ameinama juu ya kiti kipya, anabana miguu yake kwa jiriwa ili gundi ishike. Penseli ilikuwa sikioni, maranda yamemjaa kwenye nywele. Alipomwona, uso wake wote ulichanua, akavuta kigoda, akakifuta kwa mkono wa shati kama alivyofanya kila siku Mkutubi alipokuja. Siku nyingine kitendo hicho kilimyeyusha. Leo kilimchoma.

“Sikai,” alisema.

Fundi alisimama na kigoda mkononi. “Kuna...”

“Kuna nini? Unaniuliza mimi kuna nini? Hebu tazama.” Alifungua karatasi juu ya benchi la kazi, akaibana na randa upande mmoja na kopo la gundi upande mwingine. “Hilo duara ni wewe. Hilo ni Nesi. Hesabu.”

Fundi aliinama. Kidole chake chenye alama ya patasi kilifuata mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa hana haraka hata katika kuhukumiwa.

“Usijisumbue, nimekuhesabia. Arobaini na mmoja. Na mimi mitatu. Mitatu, Fundi! Hata mzee wa bima anayeandika kwa herufi kubwa peke yake umemjibu mara saba.”

“Yule aliuliza...”

“Aliuliza, na mimi siulizi? Mimi kila wiki naandika kurasa nzima. Hukuona?”

“Nilisoma zote. Ila wewe ukiandika, huwa...”

“Huwa nachosha. Sema tu. Huwa nachosha, na Nesi anachekesha.”

Fundi alitikisa kichwa. Midomo yake ilifunguka, ikafumba. Mkutubi aliijua ile hali, lile tafuta tafuta la neno machoni pake, na kila alipoiona alihisi lazima aokoe jahazi. Leo hakuwa akiokoa chochote.

“Unajua kilichoniuma? Si kwamba umeandikiana naye. Ni darasa, watu wanajibizana. Kilichoniuma ni ile chafya. Miezi minane sijawahi kusikia habari ya mwanafunzi wako wa kwanza. Sijui kama ulipata mafua. Mimi nimekula na wewe, nimekaa na wewe hapa juu ya maranda, nimegombana na mama yangu kwa ajili yako, na hadithi yako nzuri kuliko zote nimeisoma ikiwa imeandikwa kwa mwanamke mwingine!”

Fundi aliweka kigoda chini taratibu.

“Nesi...” alianza, akameza mate. “Nesi huwa...”

“Huwa mzuri. Naona. Nina macho.”

“Hapana. Huwa ana...”

“Ana nini? Ana sauti ndogo? Ana mikono laini? Ana nini ambacho mimi sina?”

Fundi alimtazama. Kulikuwa na jambo machoni mwake, si hasira, ni kama uchovu wa mtu aliyebisha hodi mlango mmoja siku nyingi. Kisha akageukia kiti na kuanza kufuta gundi iliyochuruzika mguuni.

Mkutubi alikitazama kile kiti. Kilikuwa kirefu kuliko kawaida, na mikono yake ilikuwa minene, imepigwa msasa mpaka inang'aa. Hakuwa amewahi kumwona akitengeneza cha namna ile.

“Na hicho cha nani?”

“Hiki ni cha...”

“Cha Nesi?”

Mkono wa Fundi ulisita. Mkutubi aliona kimya kile kimemtosha.

“Jumapili usije,” alisema. “Wewe na ndugu zako. Msije kabisa.”

Aliivuta karatasi yake, akatoka bila kuchukua rula.

*

Nyumbani, mama yake alikuwa sebuleni, ameketi kwenye kochi la chini anamenya vitunguu kwenye sinia. Mama huyu hakuwahi kumkubali Fundi, wala hakulificha. Fundi alikuja mara moja kujitambulisha, miezi mitatu nyuma, akakaa saa mbili na kusema “shikamoo,” “ndiyo mama,” na “asante kwa chakula.” Alipoondoka, mama alifunga mlango na kuuliza: “Mwanangu, unaolewa na mtu au na kabati?” Jumapili hii ndiyo ilikuwa aje mara ya pili, safari hii na ndugu zake, mbele ya wajomba wawili watakaosafiri kutoka mbali kumsikia. Mama alikwisha sema waziwazi: asipojieleza mbele ya wajomba hao, jambo limekwisha.

“Mama, wapigie wajomba. Wasije.”

Mama aliacha kisu juu ya sinia. Alishika mkono wa kochi, akajaribu kusimama, magoti yakagoma, akajaribu tena akiegemea ukuta. Kochi lile lilikuwa chini mno kwake na yeye hakutaka jambo hilo lisemwe.

“Kumetokea nini?”

“Ana mwingine.”

“Yule?” Mama alishangaa kweli kweli. “Anamtongozaje, kwa ishara?”

“Kwa kuandika.”

Basi Mkutubi akalia. Mama yake alimshika kichwa, akakilaza begani, mikono ikinuka vitunguu. Alikuwa ameingoja habari hii miezi mitatu, na sasa imekuja, furaha haikuonekana.

“Nilitaka uniambie hivi siku nyingi,” alisema mwishoni. “Mbona sasa roho yangu haitulii? Umemsikiliza alivyosema?”

“Hakusema kitu.”

“Hakusema, au hukumpa nafasi?”

“Mama! Leo wewe ndiye wa kumtetea?”

“Simtetei. Nakujua wewe. Nimekuzaa, nimekaa na huo mdomo miaka ishirini na tisa.” Mama alivuta pumzi. “Wajomba wanapanda gari kesho saa kumi na moja jioni. Nitawapigia kesho mchana. Ukibadili mawazo, uniambie kabla sijapiga.”

“Sibadili.”

*

Asubuhi ya Jumamosi Mkutubi aliamka macho yamevimba, lakini ripoti ilikuwa haijaisha. Ya mtandaoni alikwisha kuyapanga. Ya darasani yalibaki, na hayo alikuwa ameyarekodi kwa simu, akiiweka mezani kila kipindi. Alivaa vipokea sauti, akakaa kwenye meza ya jikoni na chai yake, akaanza kutafuta zile mara nne za Fundi, ili azijaze kwenye jedwali na kumaliza naye.

Ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya pili. Sauti ya mwalimu: “Fundi, unasemaje kuhusu adhabu?” Kisha kimya. Kisha sauti nzito, ya taratibu: “Mimi naona mwanafunzi akivunja kifaa, kabla ya kumwadhibu, ni...”

“Ni vizuri kumwuliza kwanza!” Hiyo ilikuwa sauti yake mwenyewe. Darasa lilicheka. Redio iliendelea dakika tatu.

Mkutubi alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Kumbukumbu yake ilimwambia kwamba Fundi alizungumza siku ile na yeye akamuunga mkono. Alisogeza mbele hadi ya pili.

“Kuna siku nilimwambia mwanafunzi wangu, mbao haitaki...”

“Haitaki nguvu, inataka subira! Ndiyo, na hata vitabu ni hivyo hivyo...”

Ya tatu nayo. Fundi alitamka maneno matano, akapumua, na katika pumzi ile akaingia yeye, kwa mapenzi, kwa nia njema, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake kubeba mzigo. Ya nne Fundi alimaliza sentensi. Mkutubi alikumbuka kwamba siku ile yeye alichelewa darasani kwa sababu ya mvua, na mwalimu ndiye aliyemrekodia mwanzo wa kipindi.

Chai ilipoa. Alijaribu kukumbuka Fundi alitaka kusema nini kuhusu kifaa kilichovunjika. Hakujua. Alijaribu kukumbuka ya jana, karakanani. “Nesi huwa...” Huwa nini? “Huwa ana...” Ana nini? Alikaa pale na vipokea sauti masikioni, havisemi kitu, na aibu ikampanda kuanzia shingoni. Ila wivu haukuondoka. Maana hata kama yeye alimdakia kila neno, majibu yale arobaini na moja bado yalikwenda kwa Nesi.

*

Nesi alikuwa akimsubiri kwenye ubaraza wa chuo, bado na sare ya kazi chini ya sweta. Alikuwa mwanamke mzuri wa utulivu, na Mkutubi alitamani awe na kasoro yoyote, hata jino moja lililopinda.

“Redio, nimekuletea fomu zako,” alisema, akamkabidhi bahasha ya kaki. “Samahani nimezichelewesha, zamu zimenibana.”

Mkutubi alikuwa amesahau kabisa. Mwanzo wa utafiti mwalimu alimtaka apate mtu wa kukaa nyuma ya darasa na kujaza kile ambacho simu haiwezi kurekodi: watu wanapomsikiliza mwenzao, wao wanamtazama nani? Kila dakika tano alama moja kwa kila mtu. Nesi alijitolea. Kila Jumamosi alikaa kiti cha nyuma kabisa na fomu magotini.

“Asante,” alisema Mkutubi, baridi kama maji ya friji.

“Zisome kwanza, mimi nipo.”

Alizivuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa Fundi, akijiambia kwamba ni kwa ajili ya ripoti. Jumamosi ya kwanza: dirishani, dirishani, dirishani, mwalimu, dirishani. Ya pili: dirishani karibu yote. Ya tatu hivyo hivyo.

“Kumbe hata hatusikilizi,” alisema kwa uchungu. “Anatazama nje tu.”

“Uliniambia nisikuweke kwenye fomu, maana mtafiti hajihesabu,” alisema Nesi. “Sasa ningeandikaje? Nikaandika kiti.”

“Kiti gani?”

“Kwani wewe darasani unakaa wapi?”

Mkutubi aliinua macho kutoka kwenye fomu. Tangu kozi ianze alikaa kiti kile kile cha mbele, dirishani.

Alirudi kwenye fomu. Mwalimu alipozungumza, Fundi alitazama dirishani. Mzee wa bima alipozungumza, dirishani. Jumamosi ya tano Nesi mwenyewe alisimama kutoa mada kwa dakika ishirini, na hata hapo, alama tatu kati ya nne alizozitia akiwa mbele, Fundi alitazama dirishani. Chini ya kila ukurasa Nesi alikuwa amejumlisha kwa mwandiko wa chati za hospitali. Jumla ya “dirishani” kwa Jumamosi sita ilikuwa mia moja na kumi na mbili.

“Jana aliniandikia jukwaani,” alisema Nesi. “Alisema umechora mistari. Nikajua leo utakuja na uso huo.”

“Nesi, mimi...”

“Ngoja nimalize. Ukinidakia nitashindwa, na ni vigumu.” Nesi alijikunyata ndani ya sweta yake. “Nilikuwa naisubiri Jumatano kuliko mshahara. Ananiandikia vizuri, na mimi nikiandika anangoja, hana haraka, na mimi namngoja. Sikukuibia kitu. Nilitamani, sitakudanganya, nilitamani sana. Halafu Jumamosi ikifika nakaa kule nyuma na kalamu yako, naandika dirishani, dirishani, dirishani. Wewe umehesabu arobaini na mmoja mara moja, ukiwa peke yako. Mimi nimehesabu mia moja na kumi na mbili, yeye akiwa mbele yangu. Wivu gani unataka kuniambia wewe?”

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, wanawake hawa wawili walisimama pamoja na Redio ikawa imezimwa. Mwishowe aliukamata mkono wa Nesi, akaubana, na Nesi akauacha ukabanwa.

“Leo sitaki kukaa nyuma,” alisema Nesi. “Nimechoka na kile kiti.”

“Nipe mimi.”

Ndivyo ilivyokuwa kwamba kipindi cha mwisho Mkutubi alikaa nyuma kabisa, fomu magotini, na kiti cha dirishani kikabaki kitupu. Watu waliingia, wakakaa. Fundi aliingia wa mwisho, akiwa na rula ya Mkutubi mkononi. Alitazama dirishani. Akasimama palepale mlangoni. Alitazama safu ya kwanza, ya pili, akageuka na kuzunguka darasa zima kwa macho kama mtu aliyepoteza funguo, mpaka akampata. Mabega yake yakashuka. Mkutubi alitia alama kwenye fomu.

“Leo tunafunga,” alisema mwalimu. “Mtafiti wetu atatoa matokeo wiki ijayo, ila nataka kuwasikia ninyi. Mjadala upi ulikufaa, wa hapa au wa mtandaoni? Fundi, wewe mtandaoni ni simba, hapa tunakukosa. Anza wewe.”

Fundi alisimama. Rula aliishika kwa mikono miwili.

“Mtandaoni,” alisema, “naandika, nafuta, naandika tena. Hakuna anayeona nilivyofuta. Na watu wa kule wananisubiri. Hapa...”

Neno lilimkimbia, kila mtu aliliona likikimbia. Na bila kuambizana, darasa zima, mwalimu akiwemo, likageuka nyuma kumtazama Redio, kungoja amalizie kama kawaida.

Mkutubi alikuwa na sentensi tatu tayari ulimini. Alibana midomo. Alishika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja, kalamu kwa mkono mwingine, akamtazama Fundi machoni na kutikisa kichwa polepole, kumwambia kwamba hatasema. Sekunde zilipita. Mzee wa bima alikohoa. Mkutubi hakuwahi kujua kwamba kunyamaza ni kazi nzito kiasi kile.

“Hapa,” alisema Fundi, “yupo mtu ninayetaka anisikie. Kule nikikosea neno, nimekosea tu. Hapa nikikosea, nimemkosea yeye. Ndiyo maana nachelewa.” Alipumua, na hakuna aliyeingia katika pumzi ile. “Lakini nikipewa muda, nachagua hapa.”

Akakaa. Kwenye safu ya mbele, Nesi aliinamisha kichwa na kuanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake, akatafuta kwa muda mrefu.

Kipindi kilipoisha Fundi alimfuata nyuma ya darasa. Alimpa rula yake.

“Kile kiti,” alisema. Mkutubi alingoja. Alihesabu mpaka tano, mpaka nane. “Ni cha mama yako. Siku ile nilimwona anavyosimama kutoka kwenye lile kochi. Magoti. Nikasema nimtengenezee kirefu, chenye pa kushika. Nilitaka nije nacho Jumapili, ili... kama maneno yakinishinda, awe na pa kukaa.”

Machozi yalimtoka Mkutubi bila kuomba ruhusa. Alitaka kusema samahani, na nilikuwa mpumbavu, na mengine mia, ila simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa saa tisa na nusu, na ujumbe ulitoka kwa mama.

“Nataka kuwapigia wajomba. Nipige?”

Aliandika haraka: “Usipige. Waje.”

Jibu la mama halikukawia. “Ameongea?”

Mkutubi alimtazama Fundi, aliyesimama mbele yake na maranda nyuma ya sikio, anasubiri bila kujua anasubiri nini. Akaandika, akafuta, akaandika tena.

“Ameongea, mama. Na kesho ataongea. Akinyamaza katikati usimmalizie, na wajomba uwaambie wasimmalizie. Mimi nitakuwa nimefunga mdomo, utaona maajabu.”

Kisha akaongeza ujumbe wa pili: “Na lile kochi lisogeze pembeni. Kuna kitu kinakuja.”